Alhamisi Nyumbani kwa Bi

Nilianza kumtembelea Bi mwaka ambao sikuwa na nguvu ya kumtembelea mtu yeyote. Nasema hivi mapema ili msomaji asije akanipa sifa nisizostahili. Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi hapa Amu, kisiwani Lamu, mtu wa bara niliyeletwa na uhamisho nikitarajia kukaa miaka miwili, nikaishia kukaa zaidi ya ishirini. Mume wangu alikuwa amefariki, watoto wako vyuoni Nairobi, na magoti yalikuwa yameanza kunisema kila nikipanda ngazi. Shule ikifungwa alasiri, nilichotaka ni kuvua viatu na kunyamaza.

Aliyenitia katika kazi hiyo ni muuguzi mmoja wa zahanati. Mzee mmoja alikuwa amekutwa amefariki ndani ya nyumba yake, siku ya tatu, na mji mzima ukaona haya. Huu ni mji ambao huwezi kupita kichochoroni bila kusalimiwa na watu kumi, na bado mtu alilala maiti siku tatu majirani wakidhani amekwenda Mombasa kwa mwanawe. Muuguzi akazunguka mashuleni, misikitini na makanisani akitafuta watu wa kujitolea. Kazi yenyewe ilikuwa rahisi kuieleza: mara moja kwa wiki uende kwa mtu mzima anayeishi peke yake, uketi naye, uangalie kama amekula na kama dawa zake zimepungua kama inavyopaswa, umsikilize, kisha urudi kwako. Nilisema nitafanya kwa miezi mitatu. Nilikubali kwa sababu alinikuta nimesimama na sikupata uongo wa haraka.

Nikapewa Bi. Nilimuuliza muuguzi kwa nini mimi, Mkristo wa bara, nipelekwe kwa bibi wa ukoo wa zamani wa mji, wakati mtaa wake umejaa wanawake wa kwao. Akasema ni yeye mwenyewe aliyetaka mgeni. Jirani akiingia kwake, alisema, habari zitatoka kabla jirani hajatoka.

Nyumba yake ilikuwa ya mawe, ya ghorofa mbili, ndani kabisa ya mtaa, pale vichochoro vinapokuwa vyembamba hata punda mwenye mzigo akija lazima urudi nyuma hadi upate mlango wa kuingia. Ghorofa ya chini ilikuwa imefungwa miaka mingi. Bi aliishi juu. Ngazi zilikuwa za mawe, ndefu na za kusimama wima, zisizo na mahali pa kushika. Siku ya kwanza nilifika juu nikihema kama niliyekimbizwa.

"Wewe ndiye mwalimu?" sauti iliuliza kutoka ndani.

"Ndimi, Bi. Masalkheri."

"Masalkheri. Ngia. Vua viatu, keti hapo ulipo mto."

Alikuwa ameketi mkekani chini ya dirisha, mwembamba, leso mbili zimefungwa vizuri, kofia ya kushonwa kwa mkono mapajani na sindano mkononi. Maisha yake yote alishona kofia. Wanaume wengi wa mji huu wameswali Idi na kofia zilizotoka kwenye vidole vyake. Nyuma yake ukutani kulikuwa na zidaka, vile vishubaka vya kuwekea vyombo, safu juu ya safu. Plasta ya chokaa ilikuwa imemeguka nusu nzima, vishubaka vingine vimebaki mashimo ya mawe matupu. Boriti mbili za dari zilikuwa zimeliwa na mchwa. Nikaketi kwenye mto huo huku nikizitazama kwa wasiwasi.

"Nyumba hii," Bi alisema, "haina mfano mji huu. Angalia kuta zile. Alozifanya ni fundi aloletwa na babu yangu."

Niliangalia kuta. Nikasema, "Ni nzuri, Bi."

Ndivyo tulivyoanza, mimi na yeye, kwa uongo wa adabu.

Wiki zilienda. Kila Alhamisi nilitoka shuleni na mfuko wa madaftari, nikapanda zile ngazi, nikaketi. Bi hakuwa mtu wa kukurahisishia. Alinisahihisha Kiswahili changu, mimi niliyekisomesha. Nikisema "njia" alisema "ndia", nikisema "macho" alisema "mato", na alisema kwa namna ya mtu anayekuondolea uchafu usoni. Kuna siku alizungumza saa nzima juu ya harusi moja ya zamani, na kuna siku alinyamaza, tukasikiliza watu wakipita chini. Nilikuwa nikisinzia. Mara mbili tatu nilizinduka nikamkuta amegeuza uso upande wangu, anangoja.

Miezi mitatu ilipita nikaona haya kuacha.

Mambo madogo niliyaona, ila sikuyaunganisha. Chai yake ilikuwa na chumvi siku moja, akacheka akasema mtu mzima husahau. Kofia aliyokuwa akiishona haikuonekana kuongezeka. Nilipoingia kimyakimya alisalimia mlango, si mimi. Nilifikiri ni uzee. Mtu aliyechoka huona kile tu kinachomtaka asimame, na hakuna kati ya hayo lililonitaka nisimame.

Kisha ikaja Alhamisi moja, alasiri, alipotaka kuinuka kwenda kuniletea visheti alivyoletewa na jirani. Aliinuka, na ile kofia ikainuka naye. Ilikuwa imening'inia kwenye leso yake, pembeni ya goti. Alikuwa ameishona kofia pamoja na nguo aliyovaa, mishono mingi, iliyokazwa vizuri, kazi ya muda mrefu.

Akahisi uzito. Mkono ukashuka, ukapapasa, ukaikuta. Akaketi polepole mahali pale pale.

"Umeona?" aliniuliza.

"Nimeona, Bi."

"Basi usione."

Nikapiga magoti nikachukua mkasi mdogo kwenye kikapu chake, nikaanza kukata uzi mmoja mmoja. Nilipomtazama usoni kwa karibu, kwa mara ya kwanza kama mtu anayetafuta kitu, niliona jicho moja lina ukungu mweupe kama maji ya mchele, na la pili liko wazi lakini halitazami popote.

"Tangu lini?"

"La kulia tangu kale. La kushoto lilianza kufunga Ramadhani ya mwaka juzi. Sasa naona mwanga wa dirisha, na mtu akipita mbele ya mwanga." Aliupapasa ukingo wa mkeka. "Mwanangu hajui. Nna binti mmoja tu, yuko Mombasa. Akijua atakuja kunitwaa, anipeleke kwenye nyumba ya ghorofa ambayo sijui hata mlango uko wapi. Hapa naijua kila ngazi. Niahidi hutamwambia."

Ningeweza kusema nahitaji kufikiri. Lakini alikuwa amenishika mkono, na hakuuachia. Nikaahidi.

Kuanzia hapo Alhamisi zangu zikawa kazi hasa. Nilifunga mpira kwenye kopo la sukari ili alitofautishe na la chumvi. Dawa zake za presha nilizipanga kwenye vikombe vya plastiki, cha asubuhi kina mdomo uliokatwa. Nilimwonya asiwashe jiko la mafuta peke yake, akaitikia kama mtoto anavyoitikia mwalimu. Jirani wa mlango wa pili, mwanamke mwema aliyekuwa akimletea sahani ya chakula cha mchana, naye hakujua. Bi alimpokea akiwa ameketi daima, akamwambia aweke sahani pale pale kila siku.

Na Binti alipopiga simu nikiwepo, Bi alimwelezea anachokiona. Hilo ndilo lililonichosha kuliko ngazi. "Mwalimu yupo hapa," alisema, "amevaa gauni la buluu, limemkaa vizuri." Nilikuwa nimevaa kahawia. Aliniuliza kwa kidole, akinigusa gotini, na mimi nikanong'ona rangi, na yeye akairekebisha kwa ustadi: "Buluu iliyoingia kahawia, ya siku hizi." Upande wa pili wa simu nilimsikia Binti akisema, "Vizuri, mama. Vizuri." Nilijiona kama mtoto anayemwonyesha mwenzake majibu kwenye mtihani.

Nilirudi nyumbani kwangu nimebeba siri ya watu wengine, na kuna siku niliikasirikia hadi nikaongea peke yangu njiani. Mimi mwenyewe nina mama bara, anaishi na dada yangu, nampigia kila Jumapili. Dada aliniambia siku moja, bila ugomvi, "Huko kwenu pwani unatembelea wazee wa watu." Alikuwa amesema kweli.

Wiki ya mwisho ya muhula wa pili nilikuwa na mitihani ya madarasa matatu ya kusahihisha. Alhamisi hiyo nilipotoka shuleni nilipita nyumbani kuweka madaftari, nikaketi kitandani nifunge kamba ya kiatu vizuri. Nikalala na viatu. Nilipoamka jua lilikuwa bado lipo, ningeweza kwenda. Nilikaa ukingoni mwa kitanda nikajiambia nitakwenda kesho. Ninataka iandikwe hivyo hivyo: sikusahau, wala sikuzuiwa na mtu. Nilichagua kutokwenda.

Ijumaa nayo ikanipita. Jumamosi asubuhi muuguzi alinikuta sokoni, akaniuliza kama nimemwona Bi. Kwa namna alivyouliza, mfuko wa nyanya ulinitoka mkononi.

Bi alikuwa amenisubiri Alhamisi, na nilipochelewa akaona aniandalie chai mwenyewe ili nikifika nikute tayari. Aliwasha jiko. Alipotaka kushika mkono wa birika akakosea, birika likapinduka, maji yanayochemka yakamwagikia mkono wa kushoto hadi kwenye kiwiko. Hakumwita mtu. Alifunga leso iliyolowa akalala hivyo, hadi jirani alipoleta chakula Ijumaa mchana akasikia harufu ya mafuta ya taa na kumkuta ana homa.

Nilipanda zile ngazi bila kuhisi magoti. Mkono wake ulikuwa umefungwa bandeji nyeupe, umewekwa juu ya mto.

"Sabalkheri, Bi."

"Hukuya," alisema.

"Nilichoka, Bi."

Nilingoja aniambie neno lolote, hata la kuniumiza. Mwishoni akasema, "Hata mimi," akageuza uso ukutani.

Alipoanza kuswali adhuhuri, ameketi, mkono mmoja umelala, nilichukua simu yake mkekani, nikaandika nambari ya binti yake kiganjani kwa kalamu yangu nyekundu ya kusahihishia. Sikujificha sana. Hakuwa na macho ya kuniona, na hiyo ndiyo sababu nilijisikia mwizi.

Nilimpigia Binti nikiwa nimeketi kwenye daka, lile benchi la mawe mbele ya mlango wa nje. Nilijitambulisha, nikamweleza kuhusu mkono, kisha nikasema maneno niliyokuwa nimeyapanga: "Na kuna jambo lingine ambalo mama yako hakutaka ulijue."

"Haoni," Binti alisema.

Nilihamisha simu sikio la pili.

"Mwalimu, najua. Nilimletea nguo siku ya Idi, akaisifu ile rangi ya kijani. Ilikuwa ya manjano." Nilisikia mlango ukifungwa upande wake, kisha sauti ikashuka. "Mama wa mume wangu yuko kitandani mwaka wa pili sasa. Napika kwenye shule moja huku, natoka alfajiri. Tuna vyumba viwili. Nikisema kwamba najua, itabidi nimchukue, na sina pa kumlaza. Kwa hiyo kila nikipiga simu yeye hunidanganya na mimi nadanganyika. Wewe unafikiri sikusikia ukimnong'oneza rangi?"

Nilikuwa nimejitayarisha kumkasirikia mtu. Niliketi pale kwenye daka na simu sikioni, watu wakinipita na kunisalimia, nikakosa wa kumkasirikia. Tulikuwa wanawake watatu tumeshikilia siri moja, kila mmoja akimficha mwenzake, na siri yenyewe ikimchoma mkono mwenye nayo.

"Njoo," nilimwambia. "Hata kama huna pa kumlaza, njoo."

Alikuja Jumanne iliyofuata kwa basi la asubuhi, kisha boti, mwanamke wa rika langu, buibui limejaa vumbi la njiani, macho mekundu. Alimkumbatia mama yake, akauangalia ule mkono, akalia bila sauti. Bi alimpapasa uso.

"Nani alokwambia?"

Binti akanitazama. Angeweza kumtaja jirani, au muuguzi, nami ningemwachia.

"Ni mimi, Bi," nilisema.

"Wewe uliniahidi."

"Niliahidi."

Aliniinamishia kichwa kama mtu anayekubali bei. "Nilidhani watu wa bara hawana maneno mangi. Ndiyo maana nilikutaka wewe. Nenda kwako, mwalimu."

Nikashuka. Nilipofika chini nilikuwa na huzuni, lakini chini ya huzuni hiyo kulikuwa na kitu kingine ambacho nakiandika kwa aibu. Ilikuwa nafuu. Alhamisi hiyo nilivua viatu mapema, nikalala, na sikuota kitu.

Yaliyofuata niliyapata kwa muuguzi. Alimshauri Binti ampeleke mama yake kwa daktari wa macho hospitalini. Bi alikataa siku mbili, ya tatu akakubali, nadhani kwa sababu mkono ulimuuma na hakuwa na nguvu ya kukataa mambo mawili kwa pamoja. Daktari alisema jicho la kulia limekufa kwa presha ya macho, hakuna cha kufanya. La kushoto lilikuwa na mtoto wa jicho, ule ukungu mweupe, na hilo linaweza kupasuliwa na huenda akaona. Miaka miwili alikuwa ameficha kitu ambacho kingeweza kuondolewa.

Binti akamchukua Mombasa kwa ajili ya upasuaji. Walikaa huko zaidi ya mwezi, kwa sababu ule mkono nao ulitaka kupona kwanza.

Walirudi siku ya Jumatano. Alhamisi jirani alimtuma mtu shuleni kuniambia Bi ananiita. Nilifikiri hadi kengele ya mwisho kama niende. Nikaenda.

Alikuwa amesimama katikati ya chumba. Sikuwahi kumkuta amesimama. Jicho la kushoto lilikuwa wazi, lina maji maji, na lilipotua kwangu nilihisi kama nimewekewa mkono usoni. Alinikaribia, akanitazama, akaniinamisha kichwa kuelekea dirishani ili anione vizuri zaidi.

"Kumbe wewe ni mtu mzima," alisema.

"Ndiyo, Bi."

"Siku zote nilidhani ni msichana nimeletewa, mvivu, analala kwa watu. Nilikuwa nikikukasirikia moyoni." Aligusa mvi zangu juu ya sikio. "Una mvi. Na mato yako yamevimba. Wewe umechoka, mwanangu."

Sikuwa nimeitwa mwanangu na mtu yeyote kwa muda mrefu. Nililia, nikiwa nimesimama, mfuko wa madaftari begani. Aliniacha nilie. Hakunibembeleza, wala hakuniambia amenisamehe, na sikuuliza.

Nilipokwisha kujifuta alinigeuza taratibu kuelekea ukutani.

"Na hii nayo?" akaniuliza.

Alikuwa akionyesha zidaka. Ile plasta iliyomeguka, mashimo, mchwa kwenye boriti, alama ya maji ya mvua iliyoteremka kutoka darini hadi sakafuni kama ramani ya mto. Miaka miwili alikuwa ameishi katika nyumba ya babu yake, nyeupe, nzima, haina mfano mji huu. Alikuwa ameirudia jana na jicho jipya.

"Kila wiki ulikuwa ukikaa hapa ukiniambia ni nzuri," alisema. Hakuwa na hasira. Hasira ningeiweza. "Mbona hukunambia?"

"Sikujua kama hujui, Bi. Na baadaye nilipojua..."

"Baadaye uliona nimebaki na nyumba tu."

"Ndiyo."

Akaketi. Binti, aliyekuwa akifunga vitu kwenye chumba cha ndani, alitoka akasimama mlangoni, nikaona masanduku mawili nyuma yake. Ndipo nilipoelewa kwamba sikuitwa kuja kuanza tena.

"Naenda na mwanangu," Bi alisema. "Si yeye alonambia. Ni mimi nimetaka."

Binti alitikisa kichwa, kama ambaye bado haamini. "Nilimweleza nafasi hakuna," aliniambia. "Nikamwambia tutafute mtu wa kukaa naye hapa hapa. Hataki."

"Nafasi ipo," Bi alisema. "Nilipokuwa kule baada ya kupasuliwa, jicho limefungwa, walinilaza chumba kimoya na mama mkwe wake. Yule bibi hawezi kuinuka, na maneno yake ni machache. Lakini usiku nikiamka nikisema 'Uko mato?', hujibu, 'Niko.' Basi. Hapa miaka kumi na moja nimekuwa nikiamka, na hakuna wa kumuuliza." Aliniangalia kwa lile jicho lake moja. "Wewe ulikuja kila Alhamisi, nami nikishukuru. Lakini wiki ina siku nyingi, mwalimu."

Hakuwa ananishitaki. Nilivua viatu kabisa, nikaingia chumba cha ndani nikamsaidia Binti kukunja leso. Bi alikaa mkekani akituelekeza kipi kiende na kipi kibaki. Kofia ambayo haikuisha alimpa jirani. Vikombe nilivyovikata midomo alivitazama akacheka, akaviacha.

Jumamosi nilivuka nao kwa boti hadi Mokowe, upande wa bara, kwenye mabasi. Bi alikaa dirishani. Alikuwa akisoma kwa sauti kila kilichoandikwa mahali popote, ubavuni mwa magari, vibandani, kwenye magunia, polepole, akikosea na kurudia, kama watoto wa darasa la kwanza. Basi lilipowashwa akakumbuka kunipungia mkono, lakini upande nilipokuwa jua lilimpiga, na nadhani alimpungia mwanamke aliyekuwa karibu yangu akiuza ndizi. Yule mwanamke naye akapunga.

Alinipigia baada ya wiki tatu. Alilalamika juu ya kelele za magari, juu ya mkate wa huko, juu ya ngazi za jengo ambazo alisema hazina adabu. Nyuma yake nilisikia sauti nyingine ya kizee ikiuliza anaongea na nani, na Bi akaijibu kwa ukali, "Ngoja, nitakwambia," na alipoirudia simu alikuwa amesahau tulipofikia.

"Sasa wenda kwa nani siku ya Alhamisi?" aliniuliza.

"Siendi kwa mtu, Bi. Napumzika."

"Vyema," alisema. "Pumzika." Akakata, kwa kuwa mwenzake alikuwa bado anauliza.

Nilipumzika muhula mzima. Nilimtembelea mama yangu likizo ya Desemba, nikakaa siku kumi na sita, tukagombana mara mbili juu ya dawa na mara moja juu ya paka, na nikarudi. Muuguzi hakunisukuma. Ni mimi niliyemwendea mwaka ulipoanza, nikamwambia anipe mtu asiyekuwa na ngazi.

Akanipa mama mmoja wa Shela, kijiji cha ufukweni kisiwani hapa, aliyestaafu upishi katika nyumba za wageni. Anaishi kwenye chumba kimoja chenye mlango unaotoka moja kwa moja mchangani. Anaona vizuri, hafichi kitu, na anaongea bila kupumua, kutoka samaki hadi wageni waliokuwa wakitaka mayai yasiyoiva. Kwenda huko natembea, na mchanga unaninyonya miguu kuliko ngazi zozote. Alhamisi ya kwanza nilipofika nilimwambia mapema: mimi ni mtu wa kuchoka, ukiniona nimesinzia usinichukulie vibaya. Akasema hakuna shida, akanisogezea mto, akaendelea na habari ya mayai. Nilisinzia. Nilipozinduka alikuwa amenifunika miguu kwa leso, na bado anaongea.